Nimebakiza miaka miwili nistaafu na sina hamu na chochote. Ni uzee?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya. Nina miaka 58, nimebakiza miwili nistaafu. Zamani nilikuwa mwalimu hasa. Kila mwaka nilipeleka wanafunzi Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mawe, mara nyingine kwa hela yangu. Sasa hivi naingia darasani, naandika ubaoni, natoka. Mambo ya PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, najaziwa na mwalimu kijana. Tangu mwaka jana hata kwaya nimeacha, na nimeimba besi tangu nikiwa chuo cha ualimu. Nilipanda parachichi ziwe za kunitunza nikistaafu. Magugu yamezifunika na sioni cha kuniinua niende. Saa tisa usiku nimeshaamka, sipati tena usingizi. Natumia dawa za presha na sukari. Mama watoto anasema ni uzee, wenzangu ofisini wanasema ni kikokotoo, yaani hesabu mpya ya mafao ya kustaafu. Mimi mwenyewe sielewi. Je, ni kawaida ya umri? Na je, nistaafu kwa hiari sasa hivi nikapumzike?

JIBU: Mwalimu, shikamoo.

Mwalimu aliyebakiza miaka miwili akachoka na ubao hanishtui, ningeshangaa asingechoka. Lakini mtu aliyeimba besi tangu chuo akaacha kwaya, akaitupa na miche yake mwenyewe, kisha anaamka saa tisa usiku na kukodoa macho hadi alfajiri, huyo namwomba avute kiti tuzungumze. Uchovu wako wa kazi nitaugusa, na swali lako la kustaafu nitalijibu, ila nitaanza na hiyo kwaya, kwa sababu ndiyo inayotenganisha mambo ambayo wewe, mama watoto na wenzako mmeyafunga kwenye furushi moja.

Umri peke yake hauui hamu. Huwa unaichagua. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, amelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na hoja yake inaeleweka hata na asiyesoma saikolojia. Mtu anayeona mbele yake kuna muda mrefu hukusanya: vyeti, semina, marafiki wapya, maarifa ambayo huenda yakamfaa siku moja. Anayeona muda umepungua huanza kuchuja. Hana tena subira na kikao cha saa nne kinachomalizika kwa kupanga kikao kingine. Hahitaji kufahamiana na kila mtu. Anabaki na watu wachache na mambo machache anayoyapenda kwelikweli, na katika uchunguzi wa aina hii watu wazima mara nyingi wamekutwa wakiwa watulivu wa moyo kuliko vijana. Kwa hiyo ukiniambia huna hamu na semina ya mtaala mpya, au hukwenda kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa mtu usiyemfahamu vizuri, nitakuambia sawa, unachuja, na una haki hiyo.

Ila anayechuja hubakiza kitu. Wewe umeniorodheshea vilivyoondoka na hukutaja hata kimoja kilichobaki. Tena vilivyoondoka ni vile ambavyo mtu wa umri wako ndivyo angeving'ang'ania: wimbo, watu wa kuimba nao, na shamba la kesho.

Uchovu wa kazi unao, sina shaka. Christina Maslach, aliyeutafiti tangu miaka ya 1970, anautambua kwa alama tatu: mtu kuishiwa nguvu, kuiona kazi na watu wake kwa ubaridi, na kujiona kwamba afanyalo halina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika toleo jipya la orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, na likaeleza wazi kwamba ni hali inayotokana na kazi, siyo ugonjwa. Kuingia, kuandika ubaoni na kutoka ni picha yake kamili. Na kwa mwalimu wa leo sababu hazitafutwi kwa tochi: madarasa yamejaa, mtaala umeanza kubadilika tangu Januari 2024, mfumo wa zamani wa kupima utendaji uliouzoea, OPRAS, ukaondoka ikaja PEPMIS, na vijana uliowafundisha wamekuwa maafisa elimu wanaokuita kwenye kikao.

Lakini uchovu wa kazi una tabia moja inayousaliti: hupungua mtu akitoka kazini. Basi jiulize, Desemba shule zilipofungwa ulikuwaje? Kama baada ya wiki mbili za likizo ulijikuta umeshika jembe, ukapiga mluzi wa wimbo wa zamani, ukalala mpaka saa kumi na moja, basi kazi ndiyo mshukiwa mkuu. Kama Desemba ilikuwa nzito vilevile kama Septemba, jambo lenyewe limeshavuka geti la shule.

Hata hao wanaosema kikokotoo hawajakosea kabisa. Tangu Julai 2022 malipo ya mkupuo anayopewa mstaafu yalipowekwa asilimia 33 ya mafao yake, na hata baada ya bajeti ya 2024/25 kuyapandisha hadi 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikiwalipa 50, watumishi wa rika lako wamelazimika kupiga hesabu upya, na nyumba nyingi zilizosubiri mkupuo zimebaki maboma. Wasiwasi huo ni wa kweli na unaweza kabisa kumwamsha mtu usiku. Hata hivyo, wasiwasi wa fedha kwa kawaida humtia mtu kiherehere: atauliza PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, atagombana na kikokotoo cha simu, ataongeza miche. Wewe shamba lenyewe ambalo lingekuongezea kipato ndilo miguu yako imekataa kulifuata.

Hapo ndipo ninapoanza kuifikiria sonona, ugonjwa ambao kwa Kiingereza huitwa depression.

Watu wengi wanadhani sonona ni kulia na kujifungia. Kwa mtu mzima wa kwetu, hasa mwanamume, mara nyingi haiji ikilia. Inakuja na mwili mzito, mgongo, kichwa, moyo kwenda mbio, chakula kisicho na ladha, hasira za haraka kwa watoto, na zaidi ya yote kukosa hamu ya vitu vilivyokuwa vitamu. Kuamka saa mbili au tatu kabla ya muda wako na kushindwa kulala tena ni moja ya alama zake zinazojulikana sana. Nyingine ni kwamba asubuhi huwa mbaya kuliko jioni. Mtu anaamka kama amebeba gunia, ikifika saa kumi na moja jioni anaweza hata kutania na wageni, na ndiyo maana familia huishia kusema anajidekeza.

Wewe ni mwalimu, umesahihisha watu maisha yako yote, kwa hiyo nitakupa mtihani mfupi ambao wahudumu wa afya wanautumia duniani kote. Chukua wiki mbili zilizopita. Swali la kwanza: ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au raha ya kufanya mambo? La pili: ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Kwa kila swali jipe 0 kama haikutokea kabisa, 1 kama ni siku chache, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au kuzidi haina maana kwamba tayari una sonona. Ina maana unahitaji kukaa na mhudumu wa afya akakupima kwa kina. Kwa ulivyoandika, nadhani swali la kwanza peke yake limeshakufikisha hapo.

Kuna na swali jingine, na nitakuuliza bila kuzunguka kwa sababu kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Je, umewahi kufikiri kwamba ni heri usingeamka, au kwamba wa nyumbani wangepumua kama usingekuwepo? Kama ndiyo, hata kwa mbali, acha kusoma hapa. Mwambie mama watoto au mtu mmoja unayemwamini leo hii, nenda naye hospitali leo hii, na dawa zote za kunyunyizia parachichi zitoke nyumbani kwako au zifungiwe na ufunguo ukae kwa mtu mwingine.

Kama jibu ni hapana, bado nataka uende hospitali, ila kwa utulivu. Najua maneno haya yanavyosikika. Ukionekana kwenye benchi la kitengo cha afya ya akili, kesho mtaa unasema umepelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wakati Mirembe iko Dodoma na wewe hujavuka hata mpaka wa mkoa. Basi anza na daktari wa kawaida, kwenye kliniki ileile unayochukulia dawa za presha na sukari. Nina sababu nyingine ya kukuelekeza huko kwanza: baadhi ya mambo yanayofanana kabisa na sonona yanaweza kuwa yametoka kwenye magonjwa yako au kwenye dawa zako zenyewe.

Mweleze daktari hivyohivyo ulivyoniandikia, na ubebe dawa zako zote mfukoni, siyo majina uliyokariri. Kama ya presha ni ya kundi la atenolol au propranolol, huweza kumfanya mtu ajisikie mchovu na mzito. Kama ya sukari ni metformin na umeitumia kwa miaka mingi, huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta uchovu, ganzi miguuni na hata kubadilika kwa hisia. Usiache wala kupunguza dawa hata moja kwa uamuzi wako. Presha ikipanda ghafla itakupa shida kubwa kuliko kukosa hamu. Omba apime wingi wa damu, tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, na wastani wa sukari wa miezi mitatu.

Na hiyo saa tisa ya usiku aichunguze vizuri, kwa maana ina milango mingi. Ukiamka umeloa jasho, unatetemeka na una njaa, huenda sukari inashuka usiku. Ukiamshwa na haja ndogo, hiyo ni habari ya sukari iliyopanda au ya tezi dume, na mwanamume wa miaka 58 hana sababu ya kuona haya kuitaja. Kama mama watoto anasema unakoroma kisha pumzi inakatika kidogo kabla ya kurudi kwa kishindo, mweleze daktari na hilo. Kama kuna bia au pombe ya kienyeji unayotafutia usingizi, ujue inaleta usingizi saa nne na kuuvunja saa tisa. Lakini kama unaamka mkavu, hujabanwa na chochote, na kilichopo ni mawazo yanayozunguka palepale, sonona inasogea juu kwenye orodha.

Nilijiuliza pia kama inaweza kuwa dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau, kwa kuwa nao huanza wakati mwingine kwa mtu kupoa tu. Aliyepoa kwa sababu hiyo mara nyingi yeye mwenyewe hajali. Wanaolalamika ni wa nyumbani. Wewe umeniandikia mwenyewe, tena kwa uchungu. Hata hivyo muulize mama watoto kama umekuwa ukirudia swali lilelile, ukikosea hesabu za hela au kupotea njia unayoijua. Akisema ndiyo, liingie kwenye maelezo yenu kwa daktari.

Sasa nirudi kwenye kwaya, maana kuna jambo ambalo wanaume wa rika lako hawaliandiki kwenye barua. Uliachaje? Ulichoka kuimba, au kuna siku mwalimu wa kwaya alitaja wimbo na wewe ukafungua mwingine? Masikio yakianza kuchakaa kwa umri hupoteza kwanza sauti za juu, na huteseka zaidi mahali penye kelele. Mtu anawasikia watu wanaongea, ila maneno yamekosa kingo. Anajibu visivyo, wenzake wanacheka kidogo, na siku nyingine anaona afadhali abaki nyumbani. Macho nayo hivyohivyo: nota za sol-fa zilizotolewa kopi ya kopi hazisomeki kwa taa ya kanisani bila miwani. Hata PEPMIS yako naitilia shaka. Umesema kijana anakujazia. Je, huipendi, au uliwahi kuijaza ukakosea mbele ya watu waliokuwa wanafunzi wako?

Nauliza kwa sababu "sina hamu" mara nyingi ni vazi la heshima ambalo mtu analivika jambo jingine: siwezi tena kama zamani na naona aibu. Aibu ya namna hiyo ikikaa muda mrefu huzaa sonona ya kweli, lakini sehemu yake huweza kutibiwa kwa miwani na kipimo cha masikio. Mjerumani Paul Baltes, aliyechunguza namna watu wanavyozeeka vizuri, alikuwa akipenda kumtolea mfano mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alikuwa bado anajaza kumbi. Rubinstein alieleza kwamba amepunguza idadi ya vipande anavyopiga, anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya mbio hupunguza mwendo ili mbio zenyewe zionekane kali. Mzee mjanja! Alichagua, akakazania alichochagua, akatafuta njia ya kuziba pengo. Besi ya miaka 58 inaweza kufanya hayohayo: nyimbo chache, kiti cha mbele karibu na mwalimu, nota zilizoandikwa upya kwa herufi kubwa.

Tuje kwenye la kufanya wakati vipimo vinaendelea. Kosa linalowakwamisha wengi ni kusubiri hamu irudi ndipo wafanye. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia Mmarekani, alionyesha tangu miaka ya 1970 jinsi mduara huu unavyozunguka: mtu anapoa, anaacha mambo, akishaacha hapati tena vile vijifuraha vilivyokuwa vikimpa nguvu, basi anapoa zaidi. Tiba iliyotokana na kazi yake huuanzia mwisho. Unafanya kwanza, kidogo sana, kwa ratiba wala siyo kwa kujisikia, na hamu huja nyuma ikichechemea.

Kwa hiyo lile shamba lote lisahau kwa sasa. Chagua mstari mmoja wa miche. Chagua na saa ambayo mwili wako huwa mwepesi kidogo, pengine jioni kwa siku za wiki na saa nne asubuhi Jumamosi. Palilia dakika ishirini, rudi, hata kama mstari haujaisha. Ukifika nyumbani andika kwenye daftari namba mbili kati ya 0 na 10: ya kwanza raha niliyoipata, ya pili kuridhika kwamba nimelifanya. Mwanzoni ya kwanza itakuwa sifuri au moja, usishangae wala usiifute. Ya pili ndiyo huanza kupanda, na mara nyingi ndiyo inayoivuta ya kwanza. Fanya vivyo hivyo kwa jambo moja lenye watu ndani yake. Kwaya yenyewe huenda ni mlima kwa sasa. Anza kwa kwenda siku ya mazoezi ukakaa nyuma ukasikiliza, bila kuahidi mtu chochote. Ziwe shughuli mbili tu kwa wiki mbili za kwanza. Nakujua wewe mwalimu, utataka kuandika andalio la somo la mwezi mzima, usifanye.

Ukiona hii ni dawa ndogo mno kwa shida kubwa, nitakutolea mfano wa Harare, Zimbabwe. Tangu 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na watu waliolemewa na mawazo. Bibi anasikiliza, kisha anamwongoza mtu achague tatizo moja na hatua moja ndogo ya kulishughulikia. Wiki inayofuata wanakutana tena. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hizo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Benchi za aina hiyo zimefika hadi Zanzibar. Wewe unaweza kuazima njia yao: tafuta mtu mmoja mwenye kifua, mchungaji, kaka, au mwalimu mwenzako aliyestaafu, mkutane kila wiki na akuulize jambo moja tu, ile hatua uliifanya?

Daktari akithibitisha sonona na akapendekeza dawa, usiikatae kwa kuogopa jina. Ujue tu kwamba hazifanyi kazi kama za maumivu. Huchukua wiki mbili hadi sita mtu kuhisi tofauti, na wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazisaidii. Mkumbushe daktari kuhusu presha, sukari na umri wako, kwani zipo ambazo kwa mtu mzima huleta kizunguzungu au kuziba haja ndogo, na atakuchagulia inayokufaa. Wilayani wakishindwa, omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Kazini sitakuambia ujilazimishe kuwa yule mwalimu wa miaka ile. Tumia hiyo miwili kwa jambo moja linalobaki ukiondoka. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona umri huu kama wakati ambao mtu hupata uhai kwa kukuza wanaomfuata, na akikosa hilo hudumaa. Wako yupo, na mmeshaanza biashara nusunusu: yule kijana anayekujazia PEPMIS. Mlipe. Yeye ana mfumo, wewe una miaka zaidi ya thelathini ya kumfanya mtoto wa kidato cha pili asome ramani akaona mlima na bonde kwenye mistari ya kontua. Mwombe akufundishe kujaza mwenyewe, polepole, pembeni, na wewe ukae nyuma ya darasa lake mara moja kwa wiki. Safari ya Ngosi mwachie yeye. Ule mteremko wa kushuka ziwani hauna huruma na magoti. Wewe baki na Daraja la Mungu.

Kuhusu kustaafu kwa hiari, sheria inakuruhusu tangu ulipofikisha 55, na hakuna aibu ndani yake. Ila jibu langu kwa leo ni hapana. Akili yenye sonona huona kila mlango wa kutokea kuwa ni mlango wa nafuu, na barua ya kustaafu ikishapita ni shida kuirudisha. Halafu fikiria siku yenyewe itakavyokuwa. Sasa hivi kazi, hata ikikuchosha, ndiyo kitu pekee kinachokutoa kitandani; ukiiondoa kabla kwaya na shamba havijarudi, unabaki na chumba na ile saa tisa ya usiku. Robert Atchley, aliyechunguza hatua za kustaafu, aliona kwamba wengi hupitia kipindi kama cha fungate, furaha ya mapumziko na mkupuo, kisha hufuata kuvunjika moyo kabla mtu hajajipanga upya. Anayeingia fungate hiyo akiwa tayari mgonjwa huanguka kutoka juu zaidi, tena akiwa na fedha benki na matapeli wa wastaafu wakiwa na namba yake ya simu.

Wakati huohuo nenda PSSSF ukaombe makadirio mawili kwa maandishi, moja ukistaafu mwaka huu na jingine ukifikisha 60. Hesabu inatazama miezi uliyochangia na wastani wa mishahara yako mikubwa, kwa hiyo tofauti ipo, na kuiona kwenye karatasi huondoa nusu ya mawazo yanayozunguka usiku. Mikopo ya benki inayokatwa kwenye mshahara iandike pembeni yake. Kisha karatasi hizo ziwekwe. Ukitibiwa miezi mitatu au minne, ukalala, ukaimba, na bado ukaona darasa limetosha, staafu kwa amani; huo utakuwa uamuzi wako.

Mama watoto mwonyeshe jibu hili. Anaposema ni uzee nadhani anajaribu kukufariji, na pengine naye ana hofu. Mwombe mwende hospitali pamoja, kwani ataeleza mambo ya usiku ambayo wewe huyaoni. Na mkifika, daktari akikutazama mvi na kukuambia "mzee, huu ni umri tu" kabla hajakupima chochote, mwambie kwa adabu kwamba mwaka juzi ulikuwa na umri karibu huuhuu na ulikuwa unaimba, kisha umsomee vipimo nilivyovitaja hapo juu, kimoja kimoja.